Nani Atalipa Damu? Historia ya Maslaha Kuanzia Kotile

Kotile iko upande wa mashariki wa Mto Tana, katika eneo bunge la Ijara, kusini mwa kaunti ya Garissa. Wenyeji wake wengi ni Wasomali wa ukoo wa Abdalla, watu wa ng'ombe zaidi ya ngamia, kwa kuwa sehemu hizi zina majani na unyevu kuliko Wajir au Mandera. Ng'ambo wako Wapokomo na mashamba yao ya mahindi, ndizi na maembe, na Waorma ambao ni wafugaji kama wao. Mpaka wa Garissa na Tana River, kama ni mto wenyewe au ni maili kadhaa kutoka mtoni, umegombaniwa miaka mingi na haujatulia.

Kiangazi kikikaza, ng'ombe huteremshwa mtoni kupitia malka, yaani njia inayoachwa wazi kati ya mashamba. Ng'ombe aliyekaa siku mbili bila maji akishanusa mto hazuiliki na mtoto mwenye fimbo. Akichepuka hatua chache, ameshaingia kwenye mahindi ya mtu. Mwenye shamba naye amelima mpaka ukingoni kwa sababu unyevu uko hapo, na panga liko mkononi. Ugomvi mwingi wa Tana umeanzia kwenye hatua hizo chache, na mwingi umeishia hapohapo: mzee akaitwa, mahindi yakakadiriwa, mtu akalipwa, jua likatua. Historia hii ni ya ugomvi ambao haukuishia hapo. Ni ya siku ambazo mtu aliuawa, na walio hai wakalazimika kuamua watakaaje tena pamoja.

Kwa Wasomali wa kaskazini mashariki mwa Kenya, swali la kwanza baada ya mauaji huwa ni damu hiyo ni ya nani na nani ataibeba. Jina la muuaji lina uzito wake, lakini linakuja nyuma. Kabla maiti haijapoa, wazee wa upande wa muuaji hutuma watu kwa wafiwa, aghalabu wakiwa na shehe au mzee wa ukoo wa tatu, kuomba jambo moja tu: muda. Wakipewa muda, kisasi kinasimama. Kisha huja vikao vya maslaha, yaani vya usuluhishi wa wazee, chini ya mti, siku baada ya siku, chai baada ya chai, kila mzee akianza mbali kabisa, kwenye malisho ambayo babu zao walishirikiana na ndoa walizooana, kabla hajagusa jambo lililowaleta. Mgeni asiyejua anaweza kudhani wanapoteza wakati. Kumbe kila neno ni hatua, na kila anayesema anapimwa kama anasemea watu wake au anasemea tumbo lake.

Dia, yaani fidia ya damu, ikikubaliwa, mzigo wake hugawanywa. Ndugu wa karibu wa muuaji hutoa fungu zito zaidi, na wengine wa ukoo huchanga kila mmoja kidogo, hata yule ambaye hajawahi kumwona muuaji wala hamjui kwa sura. Anachanga kwa sababu kesho mwanawe anaweza kuwa ndiye muuaji, au ndiye maiti. Hapo ndipo siri ya mpango mzima. Kijana mkorofi hawi tatizo la baba yake peke yake. Ni gharama ya watu mamia, na wote wana haki ya kumkemea kabla hajafyatua risasi. Kikao hufungwa kwa Fatiha. Zamani, mahali pengine, kilifungwa pia kwa kumwoza binti wa upande mmoja kwa mwanamume wa upande wa pili, ili wajukuu wawe wa pande zote mbili. Binti mwenyewe hakuulizwa.

Wanaanthropolojia waliofika pembe hii ya Afrika walishangazwa zaidi na mpango huu wa kulipa pamoja kuliko vita vyenyewe. I. M. Lewis, aliyefanya utafiti miongoni mwa Wasomali wa kaskazini katika miaka ya 1950 na kuchapisha kitabu chake kikuu mwaka 1961, aliliona kundi linalolipa dia pamoja kuwa ndilo serikali halisi ya mfugaji. Lilikuwa na mamia au maelfu ya wanaume, likiongozwa na mapatano ambayo nyakati nyingine yaliandikwa na kuwekwa katika ofisi ya mkuu wa wilaya. Mwenzake Max Gluckman, akiandika mwaka 1955 kuhusu Afrika kwa jumla, alikuwa na hoja nyingine: uhasama una mpaka kwa sababu watu wana jamaa upande wa pili. Shemeji yako yuko kule, mjomba wa mwanao yuko kule, kwa hiyo kuna mtu katika kila kambi ambaye vita vikiendelea atapata hasara mara mbili. Huyo ndiye atakayekuwa wa kwanza kutafuta suluhu.

Hoja hizo mbili ni nzuri, na nitazirudia, lakini zina kasoro moja. Zote zinadhani kwamba anayeua ana ukoo, na serikali haina.

Mwaka 1963, Kenya ilipokaribia uhuru, Wasomali wengi wa iliyokuwa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini walitaka kuungana na Somalia. Uingereza ilikataa, na mwishoni mwa mwaka huohuo hali ya hatari ikatangazwa. Vita vilivyofuata, ambavyo serikali iliviita vya Shifta, vilidumu mpaka 1967. Watu waliwekwa katika vijiji vilivyolindwa, wasiruhusiwe kutoka na mifugo yao, na mifugo ikafa. Oktoba 1967, mjini Arusha, Jomo Kenyatta na waziri mkuu wa Somalia, Mohamed Egal, walifikia maafikiano kwa usuluhishi wa Kenneth Kaunda. Huo ulikuwa mkataba wa marais na mawaziri wakuu. Waliopoteza ndugu na ngamia hawakuitwa. Mwaka 1970 ikatungwa sheria iliyowakinga maofisa wa serikali wasishtakiwe kwa waliyoyafanya kaskazini kati ya Desemba 1963 na Desemba 1967. Sheria za hali ya hatari zenyewe ziliendelea mpaka 1991, karibu miaka 30.

Katika miaka hiyo serikali ilijifunza jambo moja kutoka kwa ukoo: kumhesabu mtu kwa kundi lake. Novemba 1980, baada ya maofisa wa serikali kuuawa mjini Garissa, askari waliichoma mitaa ya Bulla Kartasi na kuwakusanya wakazi katika uwanja wa shule ya msingi kwa siku kadhaa. Februari 1984, wanaume wa ukoo wa Degodia kutoka vijiji na mitaa ya Wajir walikamatwa na kupelekwa katika uwanja wa ndege wa Wagalla, wakavuliwa nguo na kuachwa juani bila maji kwa siku kadhaa. Wengi waliuawa. Serikali ilisema waliokufa walikuwa 57. Manusura wanataja maelfu, na tume ya ukweli iliyokuja baadaye ilikaribia elfu moja. Mbunge wa Wajir Magharibi, Ahmed Khalif, alilisema jambo hilo bungeni. Annalena Tonelli, Mwitaliano aliyekuwa akiwahudumia wagonjwa wa kifua kikuu Wajir, alikwenda na gari kuokota maiti na majeruhi waliotupwa porini.

Tazama vizuri hesabu hiyo. Mtu wa Bulla Kartasi aliadhibiwa kwa kosa la mwingine kwa sababu ni watu wake, kama ambavyo kanuni ya dia ingemtaka achangie. Lakini kanuni ya dia humtaka achangie mifugo, naye hupata kinga wakati akikosewa. Serikali ilichukua nusu ya kwanza ya desturi na kuiacha ya pili. Ilipokuwa zamu yake kulipa, haikuwa na ukoo, haikuwa na mzee wa kutumwa kuomba muda, na ilikuwa na sheria ya kinga mkononi.

Kwa hiyo mwaka 1992 ulipofika, watu wa Wajir hawakuwa na sababu ya kungoja msaada kutoka Nairobi. Ukame ulikuwa umekata mifugo, Somalia ilikuwa imesambaratika mwaka uliotangulia, na wakimbizi na bunduki vilikuwa vimevuka mpaka kwa pamoja. Juu yake ukaja uchaguzi wa vyama vingi. Koo za Ajuran, Degodia na Ogaden zilipigana kwa ajili ya malisho, visima na viti vya ubunge, na katika miaka michache zaidi ya watu elfu moja waliuawa. Vita viliingia hata sokoni, ambako akina mama wa ukoo mmoja waliacha kununua na kuuza kwa wa ukoo mwingine. Maziwa ya ngamia yakawa na kabila.

Dekha Ibrahim Abdi, mwalimu aliyezaliwa Wajir mwaka 1964, alisimulia mara nyingi jinsi alivyojificha usiku mmoja chini ya kitanda na binti yake mchanga, risasi zikipita nje. Asubuhi mama yake alimwambia kwamba naye alimficha Dekha vivyo hivyo wakati wa vita vya Shifta. Bibi, mama na mjukuu, vizazi vitatu, na kitanda kilekile. Katikati ya 1993, akina mama waliokutana harusini walianza kuzungumza, kisha wakakaa rasmi, wa koo mbalimbali, na kukubaliana jambo dogo kwanza: soko liwe la wote. Wakaweka watu wa kuangalia kwamba hakuna mwanamke anayefukuzwa kwenye kibanda kwa sababu ya ukoo wake, na kwamba ugomvi ukizuka unaripotiwa kwao kabla haujafika kwa vijana.

Hapa ndipo hoja ya Gluckman inapokuwa na miguu. Wanawake wa Wajir walikuwa mabinti wa ukoo mmoja na wake wa ukoo mwingine. Kaka yako akimuua mumeo, au mumeo akimuua kaka yako, wewe umefiwa tu. Katika kikao cha dia mwanamke hakuwa na kiti, lakini msiba ulipotokea yeye ndiye aliyekuwa na jamaa kila upande.

Baada ya soko walikwenda kwa wazee, na wazee ndio waliokuwa wagumu. Wakubwa wa koo kubwa hawakutaka kukutana mbele ya wenzao, kila mmoja akihofia kuonekana ameomba. Njia ikapatikana kupitia koo ndogo: wazee wao, ambao hawakuwa na nguvu za kuitwa maadui wa mtu yeyote, ndio walioongoza mazungumzo. Mgeni njoo mwenyeji apone. Septemba 1993 wazee wakatoa tamko la Al-Fatah, lenye masharti ya jinsi koo zitakavyoshirikiana na jinsi makosa yatakavyolipwa. Vijana, mashehe na wafanyabiashara waliunda makundi yao. Kikawekwa kikosi cha kukimbilia mahali palipowaka, ndani yake mzee, mwanamke, shehe na mtu wa serikali, ili yeyote atakayekutwa huko asipate kisingizio cha kusema aliyekuja si wa kwake. Mwaka 1995 kazi yote hiyo iliunganishwa katika Kamati ya Amani na Maendeleo ya Wajir, chini ya muundo wa maendeleo wa wilaya. Dekha alitunukiwa tuzo ya Right Livelihood mwaka 2007. Alifariki Julai 2011 kutokana na ajali ya barabarani karibu na Garissa, alipokuwa akielekea kwenye mkutano wa amani.

Mfano huo ulienea haraka kuliko wengi walivyotarajia. Mwaka 2001, wazee, machifu na wakuu wa wilaya za kaskazini mashariki na jirani zao walikutana Modogashe, mji ulio kwenye njia panda ya Garissa, Wajir na Isiolo, na kuandika tamko lililorekebishwa tena mjini Garissa mwaka 2005. Tamko la Modogashe liligusa malisho, wizi wa mifugo, ujambazi barabarani na silaha haramu, lakini linalokumbukwa zaidi ni bei: mwanamume akiuawa, ngamia au ng'ombe 100, mwanamke, 50. Mwizi wa mifugo hulipa zaidi ya alichoiba. Kwa watu wa Ijara lile neno "au ng'ombe" si dogo, kwani ngamia 100 kwa mtu asiyefuga ngamia ni ahadi ya hewani.

Sikubali kwamba bei ya mwanamke kuwa nusu ni desturi tu ya kuachwa ilivyo. Wale wanaolinda tamko husema kwamba bei ni chombo cha kusimamisha kisasi na haipimi thamani ya mtu. Huenda ni kweli kwa aliyeuawa. Lakini katika Garissa na Wajir kesi za ubakaji pia zimepelekwa kwenye maslaha, wazee wakala chakula, mifugo ikahama kutoka zizi hadi zizi, na msichana akabaki alivyo. Pale kanuni inapoponya koo mbili kwa kumnyamazisha mtu mmoja, tuache kuiita amani ya wote.

Tamko halikuwa sheria ya nchi, ingawa maofisa wa serikali walilisimamia. Sheria ya jinai ya Kenya inasema mauaji ni kosa dhidi ya Jamhuri. Katiba ya 2010 ilifungua mlango kidogo: kifungu cha 159 kinazitaka mahakama zikuze njia za jadi za kusuluhisha migogoro, mradi zisivunje haki za watu. Mwaka 2013 Mahakama Kuu jijini Nairobi ilikubali kesi ya mauaji iondolewe baada ya familia mbili za Kisomali kupatana na fidia kulipwa kwa ngamia, mbuzi na vitu vingine. Wanasheria walibishana sana. Mfugaji wa Kotile angeshangaa kinachobishaniwa.

Lakini Kotile haiishi na Wasomali peke yao, na hapa bei ya Modogashe inagonga mto. Mpokomo ana baraza lake la wazee, Gasa, na Muorma ana lake, Matadeda. Kwa muda mrefu mabaraza hayo yalijua jinsi ya kulipana mahindi na ng'ombe, na wakati wa njaa Muorma alikaa uani kwa Mpokomo. Mambo yaliharibika pale ardhi ilipoanza kupimwa ili igawanywe kwa hati, na mfugaji akaona kwamba malka yake inaweza kuwa shamba la mtu kisheria. Mwaka 2001 watu zaidi ya 100 waliuawa Tana River. Kati ya Agosti 2012 na Januari 2013 ikawa vivyo hivyo chini ya mto: Riketa watu 52 kwa siku moja, wengi wakiwa wanawake na watoto, kisha Chamwanamuma, kisha Kilelengwani, ambako polisi tisa walikuwa miongoni mwa waliouawa, kisha Kipao, Desemba 21. Serikali iliunda tume ya uchunguzi chini ya Jaji Grace Nzioka.

Mwanaanthropolojia Günther Schlee, aliyefuatilia kwa miaka mingi koo za kaskazini mwa Kenya, alionyesha katika kitabu chake cha 1989 kwamba koo zilezile hupatikana ndani ya makabila tofauti, na kwamba undugu huo ulikuwa daraja wakati wa shida. Tatizo la Tana ni kwamba kati ya mkulima wa Kibantu na mfugaji daraja la aina hiyo ni jembamba. Ndoa ni chache. Hakuna shemeji wa kutosha. Wazee wakikaa, wanaweza kulipana, lakini kundi lililochanga halina sababu ya kuwakemea vijana wake, kwa sababu halitegemei kupokea chochote kesho kutoka upande ule. Amani iliyopatikana baada ya 2012 ilitokana zaidi na askari wengi na uchovu, pamoja na kazi ya polepole ya makanisa, misikiti na kamati za amani. Kotile yenyewe, pamoja na Hara na Korisa, iliweka ardhi ya jamii katika hifadhi ya Ishaqbini ili kumlinda hirola, swala aliyebaki mamia tu duniani, na mwaka 2012 boma la kumhifadhi likafunguliwa. Hirola hamjui Msomali wala Mpokomo, ila kamati ya malisho inayomlinda huwapa watu sababu ya kukaa kikao hata pasipo msiba. Kwa maoni yangu hiyo ni faida kubwa kuliko utalii wake.

Kisha kuna wauaji ambao hawataki kupatana na mtu. Julai 1, 2012, makanisa mawili mjini Garissa yalishambuliwa na watu 17 wakauawa. Viongozi wa Kiislamu walisema vijana wao wangeyalinda makanisa, na ni jambo la kuwapa heshima yao. Aprili 2, 2015, wapiganaji wa kundi la al-Shabaab waliua watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa. Hapo hakuna ukoo wa kutuma wazee, na hakuna aliyedai wawepo.

Wiki moja kabla ya siku hiyo, Machi 26, Rais Uhuru Kenyatta alisimama bungeni na kuomba radhi kwa niaba ya serikali kwa dhuluma za tangu uhuru, akitaja Wagalla, na kutangaza mfuko wa shilingi bilioni 10 kwa waathirika. Ilikuwa imechukua miaka 31. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilikuwa imeanzia vikao vyake vya hadhara Garissa mwezi Aprili 2011, ikasikiliza watu wa Bulla Kartasi, ikaenda Wajir. Yenyewe haikuepuka kivuli: mwenyekiti wake, Bethuel Kiplagat, alikuwa amehudhuria mkutano wa usalama Wajir siku chache kabla ya mauaji ya Wagalla. Ripoti ilikabidhiwa Mei 2013. Mwaka huohuo sheria ikabadilishwa ili utekelezaji usubiri Bunge liijadili.

Kwa kipimo cha maslaha, serikali imepiga hatua moja: imetuma mzee kuomba radhi. Haijakaa chini ya mti, haijakubali hesabu ya maiti, na mfuko uliotangazwa haujawafikia wajane wa Wagalla. Mzee yeyote wa Kotile angesema kikao hicho hakijaanza. Ripoti ipo bungeni tangu 2013, na wabunge wa Garissa, Wajir na Mandera wana viti humo. Msomaji aliye na mbunge wake, amuulize lini itajadiliwa.